KICHEKO CHA WATU WA MASHAMBA: MAZUNGUMZO JUU YA PICHA YA CHARLIE CHAPLIN VITANI

(Maneno yaliyosemwa mbele ya wazee, walimu na wananchi wa Kiriba, Musoma, kabla ya kuonyeshwa picha)



Picha tutakayoitazama jioni hii ni ya kuchekesha, tena ni ya vita. Mambo haya mawili yakiwekwa pamoja, mtu mwenye busara hujiuliza: Je, ni halali kucheka vita? Na mtu wa kwetu akicheka, acheka nini? Twapenda kusema machache juu ya maswali haya kabla taa hazijazimwa, kwa kuwa kicheko cha watu wa mashamba kimeandikwa sana na wageni katika vitabu, na mara nyingi kimeandikwa vibaya.

Kwanza tuieleze picha yenyewe. Yaitwa Shoulder Arms, nayo ni amri ya kwata, yaani "Bunduki begani". Aliyeitengeneza na kuicheza ni Charlie Chaplin, aliyezaliwa London mwaka 1889 akafa mwaka 1977. Jina lake mmelisikia hata kama hamkumwona, maana neno "chale", kwa maana ya mtu mwenye kuchekesha watu, limo katika kamusi zetu za Kiswahili, na wengi husema kwamba latokana na huyo Charlie. Ni watu wachache duniani ambao majina yao yamegeuka kuwa maneno ya lugha ya watu wengine.

Picha ilitolewa Marekani tarehe 20 Oktoba 1918. Mizinga ya Ulaya ilinyamaza tarehe 11 Novemba, yaani wiki tatu baadaye. Lakini huku kwetu vita havikukoma siku ile. Jemadari von Lettow-Vorbeck wa Wajerumani aliweka silaha chini huko Abercorn, mji uitwao sasa Mbala katika nchi ya Zambia, tarehe 25 Novemba. Basi watu wa Marekani walipokuwa wakiangua vicheko mbele ya picha hii, wapagazi wa Afrika Mashariki walikuwa wangali njiani na mizigo vichwani. Jambo hili tulishike, tutalirudia.

Sasa tuseme juu ya watazamaji. Sinema zilipoanza kuletwa vijijini, wakubwa wa serikali za kikoloni walishughulika sana na swali moja: Mwafrika wa shamba aweza kuielewa picha? Mwaka 1929 mtaalamu wa elimu ya viumbe, Julian Huxley, alizunguka Afrika Mashariki akiwaonyesha wanafunzi picha za mafundisho, akaona kwamba walizifahamu vizuri kuliko ilivyodhaniwa. Kati ya mwaka 1935 na 1937 watu wengine walikaa Vugiri, katika milima ya Usambara, wakitengeneza picha za mafundisho. Gari lao likazunguka Tanganyika, Kenya, Uganda, na nchi ziitwazo sasa Malawi na Zambia. Hata vita vya pili vilipoanza mwaka 1939, serikali ya Uingereza iliunda idara ya sinema kwa ajili ya makoloni. Mkubwa wa kazi hiyo, William Sellers, aliyekuwa zamani mtu wa afya huko Nigeria, alifundisha kwamba picha za watu wa shamba ziende polepole, zisikatwekatwe, wala zisiwe na hila za kamera, kwa kuwa watazamaji hawa, alisema, hawana desturi ya kusoma picha.

Katika kutetea kanuni hiyo kilisimuliwa mara nyingi kisa cha mbu. Wanakijiji walionyeshwa mbu aliyekuzwa hata akajaza kitambaa chote. Picha ilipokwisha wakasema: Kwetu twashukuru, hakuna mbu wakubwa kama hao. Wasimuliaji walikileta kisa hiki kama ushahidi wa ujinga. Lakini msikilizaji wa kwetu, aliyelelewa katika utani, hawezi kukisikia bila kutabasamu. Aijua sauti ya mzee asemaye neno kama hilo mbele ya mgeni, hali uso wake hauchezi hata kidogo, na wenzake nyuma wanajizuia mbavu. Yawezekana kabisa kwamba waliochekwa jioni ile hawakuwa wanakijiji.

Kisa cha pili ni cha kuku. Kilisimuliwa na John Wilson, naye Marshall McLuhan wa Canada akakieneza katika kitabu chake cha mwaka 1962. Watu wa kijiji kimoja cha Afrika walionyeshwa picha ya usafi, jinsi ya kuondoa maji yaliyotuama nyumbani. Walipoulizwa wameona nini, walijibu: Tumeona kuku. Wenye picha wakastaajabu, kwa maana wao wenyewe hawakujua kama kuna kuku. Wakaipekua picha kipande kwa kipande, nao wakamkuta: kuku ameruka pembeni kwa muda wa sekunde moja hivi. Basi tuulize kwa haki: nani aliyeona zaidi? Waliotengeneza picha hawakumwona kuku wao wenyewe. Wanakijiji walimwona mara moja, tena walisema kweli.

Visa hivi viwili vyatupa fundisho la kwanza. Mtazamaji hutazama kwa macho yaliyofunzwa na maisha yake. Mfugaji wa kuku humwona kuku. Askari mzee huona kwata mbovu. Mama aliyengoja barua huona barua. Huko si kutokufahamu. Ni kufahamu kutokako mahali pengine.

Tena tukumbuke kwamba watu wa Afrika Mashariki hawakungoja sinema iwafundishe kucheka mambo ya jeshi. Tangu mwisho wa karne ya 19 ilikuwako pwani ngoma iitwayo Beni. Wachezaji walijipanga kwa safu, wakavaa mavazi kama ya askari na mabaharia, wakapeana vyeo vya kijeshi, wakapiga tarumbeta na ngoma, wakatembea kwata mbele ya umati. Vyama vyake viwili vilivyojulikana sana viliitwa Marini na Arinoti. Wakati wa Vita Kuu vya kwanza na baada yake, askari na wapagazi waliichukua Beni hata bara. Katika ngoma ile mtu aliweza kulisifu jeshi na kulicheka kwa pamoja, wala hakuna afisa aliyeweza kusema kwa hakika ni lipi kati ya hayo mawili. Mtu aliyewahi kuona Beni hakuhitaji kuelezwa maana ya Charlie Chaplin akikosea kugeuka kwenye kwata.

Magari ya sinema yalipozunguka vijijini, programu ilikuwa na picha za kilimo, za afya na za habari za vita, na mara nyingi kichekesho kimoja cha kuwafurahisha watu. Vichekesho vya Charlie Chaplin vilikuwa miongoni mwa vilivyopendwa kabisa. Picha zilikuwa hazina sauti, au sauti yake ilikuwa ya Kiingereza; kwa hiyo mtu alisimama karibu na kipaza sauti akieleza mambo kwa Kiswahili au kwa lugha ya mahali. Wakubwa wengine waliogopa vichekesho hivi. Walihofu kwamba Mwafrika akimwona Mzungu anaanguka matopeni, anapigwa teke, au anaibiwa chakula chake, heshima ya utawala itapungua. Hofu hiyo yenyewe yaonyesha kwamba walijua, ndani ya mioyo yao, kuwa watazamaji wanafahamu vema.

Basi tuitazame picha yenyewe, sehemu kwa sehemu, tufikiri jinsi itakavyoonekana hapa Kiriba.

Itaanza na kwata. Charlie ni kuruta mpya. Miguu yake yatazama huku na huku, bunduki yampinga, akiambiwa kulia ageuka kushoto. Hapa aliyepitia Jeshi la Kujenga Taifa au mgambo hatahitaji mkalimani, wala mtoto wa shule aliyewahi kupangwa mstarini asubuhi. Kisha Charlie achoka, alala hemani mwake.

Mara twamwona yuko vitani Ufaransa, ndani ya handaki. Afika amebeba vyombo tele mgongoni kama mtu ahamaye nyumba, hata mtego wa panya umo. Anacho na kipande cha bati la kukunia. Akitundika ukutani hujikunia mgongo kwa sababu ya chawa. Watu wa mjini huona hapo mchezo tu. Lakini wazee waliosikia masimulizi ya askari wa KAR waliopigana Ethiopia mwaka 1941, Madagascar mwaka 1942, au katika bonde la Kabaw huko Burma mwaka 1944, wanajua kwamba chawa, tope na mzigo ni nusu ya vita. Siri ya mtungi aijuaye ni kata.

Kisha barua zaja. Kila askari aitwa jina lake; Charlie haitwi. Asimama nyuma ya mwenzake aliyepata barua, aisoma kwa juu ya bega lake. Mwenzake akitabasamu, naye atabasamu. Mwenzake akihuzunika, naye ahuzunika, kana kwamba habari ni za nyumbani kwake. Twawaomba walimu wasikilize sana mahali hapa. Kwa dhana yetu kicheko kitaanza kwa nguvu, halafu kitashuka. Ni nani kati yetu asiye na ndugu aliyekwenda machimboni, mijini au katika kambi za wavuvi, akanyamaza? Leo simu imechukua mahali pa barua, lakini kungoja ni kule kule.

Baadaye Charlie apokea kifurushi. Ndani mna jibini ya Kizungu inukayo sana. Avaa kinyago cha kujikinga na gesi, kisha airusha jibini ile katika handaki la adui. Mwalimu asipoteze wakati kueleza jibini. Yeyote aliyepita penye samaki waliooza ufukoni ataelewa kwa kumwona tu. Lakini kinyago akieleze, maana watoto wataweza kudhani ni cha ngoma. Awaambie kwamba mwezi wa Aprili 1915, karibu na mji wa Ypres nchini Ubelgiji, Wajerumani walitoa gesi ya sumu nyingi, na tangu hapo askari wa pande zote waliihofu kuliko risasi. Mtoto akijua hilo, atacheka kwa namna nyingine.

Kisha handaki lajaa maji. Askari walala majini. Charlie azama kitandani mwake, avuta pumzi kwa tarumbeta ya santuri. Sisi wa kando ya Nyanza tuliona ziwa likipanda mwanzoni mwa miaka ya 1960, na tena mwaka 2020, maji yakaingia nyumbani mwa watu. Tutacheka kama watu wajuao kitanda chenye maji ni kitu gani.

Kuna mahali pamoja ambapo kicheko kina doa, wala hatupendi kupaficha. Charlie apiga risasi kuelekea kwa adui, na kila akidhani amempata mtu, atia alama ya chaki ubaoni, kama mtu ahesabuye mabao. Risasi ya adui ikimkosa kidogo, afuta alama moja. Ni hodari sana kuchekesha. Walakini kila alama ile ni mwana wa mtu. Mwalimu akiona watoto wanahesabu pamoja na Charlie kwa furaha, asiwakemee. Lakini kesho darasani awaulize: Wale waliohesabiwa walikuwa na mama zao? Hujafa hujaumbika, walisema wahenga.

Yaliyobaki tutayapita upesi, tusiwaharibie utamu. Charlie awateka Wajerumani 13 peke yake, na akiulizwa amewezaje, ajibu kwamba aliwazingira. Hilo ni jibu la askari wastaafu wa dunia yote. Afisa mfupi mwenye kiburi achapwa kama mtoto, na askari wake mwenyewe wamshangilia mchapaji. Charlie ajigeuza gogo la mti, awapiga adui kwa matawi yake. Wenye kujua kuwinda watapima kama hila hiyo yafaa. Mwisho amteka Kaizari mwenyewe wa Ujerumani. Na hapo ndipo aamshwapo na wenzake: yumo hemani, kambini kwao. Yote yalikuwa ndoto ya kuruta aliyechoka.

Ndugu, mwisho huu wa ndoto ndio wenye maana kuu kwetu. Picha yasema kwamba vita vinavyokwisha kwa mtu mmoja kumkamata mfalme viko usingizini tu. Na sisi tuna lakuongeza, ambalo Charlie hakulijua. Katika picha hii hakuna mpagazi hata mmoja. Charlie abeba mzigo wake mwenyewe. Katika vita vya huku, mbung'o waliwaua wanyama wa kubebea, barabara zilikuwa chache, na chakula na risasi vya majeshi vilikwenda juu ya vichwa vya watu. Waandishi wa historia wakadiria kwamba wapagazi wapata 95,000 walikufa katika utumishi wa Waingereza peke yake, wengi wao kwa kuhara, kwa malaria na kwa njaa kuliko kwa risasi. Mtaa wa Kariakoo, Dar es Salaam, wachukua jina lake kutoka jeshi hilo la wapagazi. Wala vita havikuwa mbali na hapa. Waingereza waliitwaa Shirati mwezi wa Januari 1915, na mwaka 1917 kikosi cha Wajerumani kilichozunguka nyuma ya majeshi kilifika hata Ikoma.

Watu walioviona vita vile kwa macho wametutoka wote, na wale wa vita vya pili karibu wote. Wamebaki watoto wao na wajukuu, wenye kukumbuka neno moja moja lililosemwa jikoni au chini ya mti. Hayo hayakuandikwa. Wageni waliandika kwamba watu wa shamba walicheka. Hawakuandika walicheka kwa kukumbuka nini, kwa sababu hawakuuliza, au waliuliza kama mtahini aulizavyo mwanafunzi.

Kwa hiyo twawaomba walimu mambo matatu.

La kwanza, picha ikiisha, msiwaulize watu, "Mmefahamu?" Ulizeni, "Mmeona nini?" Swali la kwanza humfanya mtu awe mtahiniwa, naye atajibu ndiyo ili aende zake. Swali la pili humfanya awe shahidi.

La pili, andikeni majibu kwa maneno ya msemaji mwenyewe, kwa Kiswahili au kwa lugha yake, bila kuyanyosha. Mtu akisema ameona kuku, andikeni kuku, kisha mkatafute kuku.

La tatu, wazee na akina mama wakae mbele, wala wasiachwe nyuma ya umati. Kama mzee atacheka mahali ambapo vijana wamenyamaza, au atanyamaza wao wakicheka, mwendeeni kesho kwa adabu, mketi, mmwulize alikumbuka nini. Huenda akawa na jina la babu aliyekwenda na mzigo asirudi. Jina hilo likiandikwa katika daftari la shule, limeokoka.

Wala msidhani kwamba watu wetu ni wa kutazama tu. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 zilitengenezwa Tanganyika picha za Kiswahili, mojawapo Muhogo Mchungu, na mchezaji wake mkuu alikuwa kijana Rashidi Kawawa. Mwezi wa Januari 1962 kijana huyo akawa Waziri Mkuu wa Tanganyika. Wale walioshukiwa kuwa hawawezi kusoma picha walikuwa tayari wanazicheza, nao watu wao wakawaelewa bila mkalimani.

Basi tukirudi kwenye swali letu, je, ni halali kucheka vita? Twajibu kwamba ni halali kwa yule ajuaye anacheka nini. Askari wenyewe waliorudi kutoka mahandaki ya Ulaya waliipenda picha hii, kwa sababu iliwaonyesha tope lao, chawa wao na upweke wao bila kuwahubiria. Kicheko cha namna hiyo hakidharau mateso. Hukaa karibu nayo ili yasemeke. Kicheko kibaya ni cha yule asiyeona mtu nyuma ya alama ya chaki.

Tumesema ya kutosha. Atakayetuambia baada ya picha kwamba tumekosea mahali fulani, na kwamba watu wamecheka pengine tusipotazamia, atakuwa ametufundisha, nasi tutamshukuru. Sasa watoto waketi chini, wazee wasogezewe viti, na anayesoma maandishi aseme kwa sauti ili hata walio nyuma wasikie.